Mcheza Kwao Hutuzwa

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyodhulumiwa na watumiaji wake, neno mchezo limedhulumiwa kupita mengi. Likitajwa mbele ya mzazi, huamsha fikira ya saa zilizopotea. Likitajwa mbele ya mwalimu, huamsha fikira ya mtihani ulioshindwa. Likitajwa mbele ya mhadhiri wa fasihi, hupewa heshima kwa sharti moja, nalo ni kwamba lifuatwe mara moja na maneno "wa kuigiza". Mchezo wa kuigiza una kiti katika chuo kikuu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, husomwa, hutahiniwa na huandikiwa tasnifu. Mchezo wa video, ambao ni ndugu yake kwa jina na kwa damu, umefungiwa mlango, ukaambiwa ungoje nje pamoja na watoto.

Dhuluma hii ingaliweza kusamehewa kama ingalitendwa na watu ambao kazi yao si kupima sanaa. Lakini imetendwa na wasomi, na kwa hiyo haina udhuru. Kucheza michezo ya video pamoja na kuijadili katika klabu, hata klabu ambayo wanachama wake hawaonani ila mtandaoni, ni kazi ya akili iliyo halali sawasawa na kusoma riwaya na kuijadili. Msomi wa Kiswahili aipuuzaye kazi hiyo haikomeshi. Anaiacha tu iendelee bila lugha yake.

Yafaa kwanza ieleweke klabu yenyewe ni kitu gani. Ni jamii ya watu wanaokubaliana kuuchukua mchezo mmoja kwa muda, labda mwezi. Kila mmoja huucheza mahali alipo, au wawili watatu wakaucheza pamoja kwa njia ya mtandao. Kisha wote hukutana, kwa maandishi au kwa sauti, wakaulizana. Mchezo huu unasimulia nini? Sheria zake zinamlazimisha mchezaji atende nini, na zinamkataza nini? Nani ameshinda ndani yake, na ushindi huo umelipwa na nani? Wapi mtungaji alionyesha ustadi, na wapi alilegea? Kila mtu aliyepata kukaa katika semina ya fasihi atayatambua maswali haya, maana ni yale yale aulizwayo mwanafunzi juu ya riwaya. Tofauti ni moja. Msomaji wa riwaya hutazama mhusika akichagua. Mchezaji huchagua mwenyewe, na lawama ya uchaguzi ni yake. Mtu akiisha kuteketeza kijiji katika mchezo ili apate dhahabu, hana mhusika wa kumsingizia.

Na ichukuliwe Uchindile kuwa mahali pa kuyapimia maneno haya, kwa maana hoja inayosimama Dar es Salaam peke yake si hoja ya Kiswahili bado. Uchindile ni kata ya milimani katika mkoa wa Morogoro, juu ya Bonde la Kilombero. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita Ifakara na Mlimba katika tambarare ya mpunga, kisha hupanda milima kwenda Makambako. Na kipande hicho cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote. Katika vilima vya Uchindile kampuni ya Green Resources, yenye asili ya Norwe, ilipanda misonobari na mikaratusi, na hewa ya ukaa iliyofyonzwa na miti hiyo ikauzwa katika soko la dunia. Basi mahali ambapo mwamba ulitobolewa ili treni ipite, na ambapo pumzi ya miti imekwisha kuandikwa katika daftari za Ulaya, hapawezi kuhesabiwa kuwa nje ya dunia. Kijana wa hapo mwenye simu mkononi yumo duniani tayari. Swali lililobaki ni kama yumo akiwa na kauli au akiwa bubu.

Waswahili si wageni wa baraza la mchezo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Huanza kwa kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi mwa kila mmoja. Hayo mtu hujifunza kwa alasiri moja. Yasiyojifunzwa kwa alasiri moja ni maneno yake: kunamua, kutakata, mtaji, kichwa, kimbi, bao la mkononi. Hapana kamati iliyoketi kuyasanifu maneno hayo. Yalizaliwa kwa sababu bao halikuchezwa na watu wawili peke yao. Lilichezwa mbele ya watazamaji, na watazamaji hawakunyamaza. Walikosoa, walishauri, walikumbushana kete iliyoponza mtu mwaka juzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, aliliona bao linastahili kutungiwa shairi, na hapana mhakiki hata mmoja aliyemshitaki kwa upuuzi.

Mpira wa miguu nao ulikuja na Waingereza, ukiwa umevaa lugha yao toka kichwani hata miguuni. Leo mtangazaji wa Kiswahili hutangaza dakika 90 pasipo kukwama: mlinda mlango, kuotea, mpira wa kurusha, mkwaju wa adhabu, mchezaji wa akiba. Maneno hayo yalikua redioni na vijiweni, na katika klabu kama Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936; yaani katika jamii za watu waliocheza, wakatazama, kisha wakabishana hata usiku. Mchezo usio na baraza haupati lugha, na mchezo usiopata lugha hubaki mgeni daima, hata ukilala nyumbani miaka mia.

Sasa yatazamwe mashtaka yanayoletwa juu ya klabu hizi. Ni manne, na kila moja lina chembe ya kweli, ambayo ndiyo inayolifanya liwe la hatari.

Shtaka la kwanza ni kwamba michezo ya video ni ulevi. Yaweza kuwazwa babu wa kijiji chochote cha Kilombero akimkuta mjukuu wake ameinamia simu chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tangu jana umefika wapi?"

"Nipo hapa hapa, babu."

"Ndivyo nionavyo."

Babu huyo hana makosa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeyataja maradhi yatokanayo na michezo hii. Lakini na isomwe sawasawa orodha hiyo. Haisemi kwamba kucheza ni ugonjwa. Inasema mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia, akautanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, akaendelea nao ijapokuwa unamdhuru, na kwa kawaida hali hiyo ikadumu miezi 12 au zaidi. Serikali ya China ilijaribu dawa ya amri: mwaka 2021 iliwaruhusu watoto kucheza mtandaoni saa moja tu, toka saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri yaweza kufunga mashine. Haiwezi kumfundisha mtoto kwa nini aliipenda. Klabu yaweza. Mchezaji aliye peke yake hana sababu ya kusimama, maana mchezo umetengenezwa usiishe. Mchezaji mwenye baraza hana budi kusimama, kwa kuwa wenzake wanamngoja aeleze alichokiona. Ambaye hujua kwamba Jumamosi ataulizwa, hucheza kwa macho yaliyo wazi.

Shtaka la pili ni kwamba michezo hii ni kamari. Kosa hili halikuzaliwa katika Kiswahili, liliazimwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa mchezo wa mashine na kwa mchezo wa pesa, na wanaofikiri kwa Kiingereza huchanganya mambo mawili kwa sababu ya neno moja. Kiswahili kina kamari, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 ilipotungwa kuisimamia, ikapata kwa Kiswahili jina la michezo ya kubahatisha, jina lililo sahihi, maana linaonyesha kwamba anayeamua ni bahati. Mashine ya dubwi iliyowekwa kibarazani mwa duka hula sarafu ya mtoto kwa hesabu iliyokwisha kupangwa, wala mtoto hawezi kuwa hodari wa dubwi hata akicheza miaka kumi. Mchezo wa video humlipa hodari kwa uhodari wake na hushinda kwa ujinga yule asiyejifunza. Anayevichanganya vitu hivi viwili huwasaidia wenye dubwi, kwa kuwa mtoto akilaumiwa sawasawa kwa yote mawili hujifunza kwamba hayana tofauti. Tena wapo watungaji wa michezo ya video walioanza kuingiza bahati nasibu ndani ya michezo yao, wakamwuzia mchezaji sanduku asilolijua lina nini. Ni nani atakayelifichua jambo hilo mbele ya vijana, ila watu walioucheza mchezo na kuujadili?

Shtaka la tatu ni zito zaidi, na wasomi hulipenda, kwa kuwa lina sauti ya uzalendo. Husemwa kwamba michezo hii ni ya kigeni, imejaa ukatili na dharau kwa Mwafrika, na kwa hiyo heshima ya Kiswahili yataka ijiepushe nayo. Wanaosema hivi hawajui kwamba wamechelewa. Kiswahili kilikwisha kuingia katika michezo hiyo zamani, pasipo wao kuulizwa.

Mwaka 2005 ulitoka mchezo uitwao Civilization IV, ambao ndani yake mchezaji huongoza taifa toka zama za kale hata zama za vyombo vya angani. Mlangoni mwake mchezaji hupokewa na wimbo "Baba Yetu", ulioundwa na Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mnamo Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zote zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya video. Watu wengi wasiojua Kiswahili wameimba Kiswahili kwa sababu ya mchezo. Lakini mtu wa Mlimba aufunguaye mchezo huo, baada ya kuimbiwa kwa lugha yake mlangoni, akiingia ndani hawezi kuuchagua Kiswahili katika orodha ya lugha. Ameitwa kwa lugha yake, akaketishwa kwa lugha ya wengine.

Miaka minne baadaye Kiswahili kiliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Shujaa wake ni Mmarekani aliyetumwa Kijuju, mahali pa kubuni katika Afrika ya Magharibi, ambako wakazi wamegeuzwa mahayawani na vimelea. Wakazi hao huitwa Majini, na wanapomkimbilia mchezaji ili wamwue, hupiga kelele kwa Kiswahili. Kwamba Kiswahili si lugha ya Afrika ya Magharibi halikuwasumbua watungaji. Walitaka sauti ya Afrika, na kwao Afrika ilikuwa moja. Mjadala mkali juu ya rangi ulizuka Marekani na Uingereza tangu picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007. Katika mjadala huo Waafrika walitetewa na kushutumiwa, lakini lugha yenyewe haikupata wakili. Kama riwaya ya Kizungu ingalitoka na kuwatia Waswahili vinywani maneno ya mazimwi, makala kumi zingaliandikwa katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Mchezo ulitenda hivyo, ukachezwa na watu wengi kuliko wasomao riwaya nyingi, na vyuo vikanyamaza, kwa kuwa hapana mhadhiri aliyekuwa tayari kukiri kwamba ameucheza.

Sala na mazimwi: hivyo ndivyo Kiswahili kilivyosikika katika michezo miwili mashuhuri, mahali pa sauti nzuri na mahali pa sauti ya kutisha, lakini si mahali pa kufikiri. Hili ndilo jeraha lenyewe, wala halitatibiwa na mtu anayejivunia kutoligusa.

Upo mfano mwingine usio na kelele, na kwa hiyo unafaa zaidi kwa baraza. Katika Civilization VI, mchezo wa mwaka 2016, Zanzibar imo. Haimo kama taifa ambalo mchezaji aweza kuliongoza. Imo kama mji mdogo unaobembelezwa na mataifa makubwa kwa kupelekewa wajumbe. Anayefanikiwa kuubembeleza kupita wengine hupata mdalasini na karafuu, na watu wake hufurahi. Mchezaji mpweke huchukua karafuu yake akaenda zake. Klabu ingeuliza: Karafuu hiyo ilichumwa na nani? Ingekumbuka kwamba mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalistawi katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa, na kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Ingeuliza kwa nini sheria za mchezo zinaujua mdalasini wa Zanzibar na haziwajui wanazuoni na washairi wake. Ingeuliza tena, kwa haki, kama mtungaji aliyeiweka Zanzibar katika ramani ya dunia hakutenda zaidi ya watungaji wengi ambao hawakuiweka kabisa. Saa mbili za mazungumzo ya namna hiyo humfundisha mwanafunzi historia, uhakiki na uadilifu kwa pamoja. Ni nani atakayethubutu kuziita saa hizo zilizopotea?

Tena ugeni si hoja. Riwaya ni ya kigeni, gazeti ni la kigeni, chuo kikuu chenyewe ni cha kigeni. Ngoma za beni zilizoenea toka pwani ya Kenya hata bara la Tanganyika, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ziliiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wakubwa wengine wa serikali walizidharau kuwa kuiga tu, na wengine wakazishuku. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba ndani ya ngoma hizo watu walijifunza kuunda vyama, kushika vyeo, kusaidiana katika dhiki na kupashana habari toka mji hata mji. Waliokuwa wakicheza walikuwa wakijijenga. Asiyeona hivyo leo katika klabu za vijana amesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama bwana shauri.

Shtaka la nne huletwa kwa huruma, na huruma hiyo yenyewe ni dharau iliyojificha. Husemwa kwamba haya ni mambo ya mijini. Mkulima wa mpunga wa Kilombero na mtoto wa Uchindile hawana mtandao wa kutosha wala fedha ya vifurushi. Ni kweli kwamba umbali hulipwa. Mwangaza ndani ya uzi wa kioo husafiri kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Dar es Salaam hata London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka; kwenda na kurudi ni kilomita 15,000, yaani sehemu 75 katika elfu za sekunde, kabla ya kuhesabu mizunguko ya nyaya za baharini, foleni za mitambo na safari ya kupanda milima hadi kwenye simu. Katika mchezo wa kulengana risasi, mtu aliye karibu na mtambo humwona adui kabla ya adui kumwona yeye. Mcheza wa Uchindile huuawa na jiografia kabla ya kuuawa na mpinzani, na hata SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, ambazo ndizo nyaya zilizoiunganisha pwani hii na dunia, haziwezi kuifuta jiografia.

Lakini hoja hiyo hushinda mashindano ya kulengana risasi, wala haiigusi klabu ya kujadiliana. Mchezo wa zamu, kama lilivyo bao, hauulizi nani mwepesi. Huuliza nani amefikiri. Mchezo wa hadithi waweza kupakuliwa mara moja Ifakara, mahali penye mtandao wa nguvu, ukapitishwa simu kwa simu, ukachezwa mlimani bila mtandao wowote. Kinachohitaji mtandao baada ya hapo ni maneno tu, na ujumbe wa maneno ni mzigo mwepesi kuliko yote. Neno lililoandikwa Uchindile usiku likafika asubuhi halikupungua thamani kwa kuchelewa. Kwa hiyo klabu ya mazungumzo ndiyo namna ya mchezo inayomfaa mtu wa mbali kuliko namna zote, na anayemnyima kwa kumhurumia amemnyima kile alichokuwa na nguvu ya kukipata.

Zaidi ya hayo, michezo hii ilizaliwa katika klabu. Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza ya kompyuta kuenea toka chuo hata chuo, ulitungwa mwaka 1962 katika chuo cha MIT na Steve Russell na wenzake, wengi wao wakiwa wa klabu ya wanafunzi waliopenda kuunda mifano ya reli. Msafiri anayengoja treni ya TAZARA, ambayo haipiti kila siku, na akawa anacheza kwenye simu yake, haijui nasaba hiyo. Lakini reli iliyo mbele yake na mchezo ulio mkononi mwake vina ujamaa. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza mchezo uitwao MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Ndani yake watu wengi waliweza kucheza pamoja kwa njia ya kompyuta zilizounganishwa. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu, mchezaji akisoma maelezo ya mahali na kujibu kwa kuandika. Babu wa michezo yote ya mtandaoni alikuwa maandishi. Wahadhiri wa fasihi wanaomfukuza mjukuu na waseme kwanza wamemkosea nini babu.

Haki yataka klabu zenyewe nazo zisisifiwe bure. Nyingi huzungumza juu ya alama tu: nani amemfunga nani, mabao mangapi, kwa kidole gani. Nyingine zimejaa matusi, na wenye matusi huyaita utani. Karibu zote husema Kiingereza kilichovunjika mguu, hata pale ambapo Kiswahili kina neno tayari. Kupanda ngazi, kuhifadhi, kupoteza uhai, kungoja zamu, kumkabili jitu la mwisho: hapana mtu asiyeyaelewa maneno hayo, lakini mchezaji huona haya kuyatumia, kwa kuwa hajapata kuyasikia mahali pa heshima. Kosa hilo ni la mchezaji kwa robo. Robo tatu ni la wenye mahali pa heshima.

Kosa jingine la klabu ni la kale kuliko mashine. Baraza la bao lilikuwa baraza la wanaume, na vibanda vingi vya michezo ya video navyo vimejaa wavulana. Msichana akisimama mlangoni huulizwa anamtafuta nani. Lakini Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la mchezo kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kigeni ya XiT Gaming kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Mlango haukuwa na sababu ila desturi. Hapa klabu ya mtandaoni ina fadhila ambayo kibanda hakina: msichana wa Mlimba asiyeweza kukaa kibandani hata saa 3 usiku aweza kusoma, kucheza na kutoa hoja akiwa nyumbani kwao, na hoja yake ikapimwa kama hoja. Klabu itakayomtukana hata akaondoka imeuvunja mguu wake yenyewe.

Wasomi waliobaki na shaka na wakumbushwe jambo lisilo la mbali. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na kukazuka vita kati ya wanamapokeo na wanamapinduzi. Walikuwako walioapa kwamba hayo si mashairi kabisa. Leo mashairi hayo hufundishwa, na vita yenyewe imekuwa sura ya historia ya fasihi ambayo mwanafunzi huulizwa katika mtihani. Waliokataa walikuwa na elimu. Walichokosa ni subira ya kukitazama kitu kwa sheria zake chenyewe. Mlango uliofungiwa Kichomi ulifunguliwa na mabishano, haukufunguliwa na kimya. Michezo ya video haijapata hata heshima ya kubishiwa.

Chuo kikuu kina nguvu ya kutenda, wala si jambo geni kwake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na maneno mengi yakatafutwa na kupatikana. Kazi hiyo ilifanyika kwa ajili ya karani. Haijafanyika kwa ajili ya mchezaji, kana kwamba Mswahili huishi akiwa kazini tu. Wakati huo huo Kiswahili kimekwisha kuingia SADC mwaka 2019, UNESCO ikakitengea Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake rasmi ya kazi mwaka 2022. Lugha inakaribishwa katika kumbi ambazo watu hulala usingizi, na haimo katika vyumba ambavyo watu wamekesha.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kila idara ya Kiswahili na iwe na klabu moja ya kucheza na kujadili, iliyo wazi kwa mtu yeyote aliye mbali, awe mwanafunzi au asiwe. Mchezo uchaguliwe kwa kura, na uwe ule ambao simu ya bei ndogo yaweza kuubeba. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili, na neno likikosekana litafutwe hapo hapo, kama watazamaji wa bao walivyolitafuta. Muhtasari uandikwe, na ulio bora uchapishwe katika majarida haya haya yanayochapisha uhakiki wa riwaya. Tasnifu moja iandikwe juu ya Majini wa Kijuju na nyingine juu ya karafuu ya Zanzibar isiyo na mchumaji. Kisha, katika watu waliozoea kuuliza michezo ya wengine imetungwaje, watatokea wa kutunga ya kwao; kwa maana hapana mtungaji wa riwaya aliyetokea katika nchi isiyojadili riwaya.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Mithali hiyo ina masharti mawili, na watu hulikumbuka moja. Hulikumbuka la mchezaji, kwamba acheze kwao. Hulisahau la kwao, kwamba pawepo watu waliokusanyika, wanaotazama na kujua wanachokitazama, hata mikono yao ijue ni nani wa kumtuza. Sala ya Kiswahili ilichezwa ugenini ikatuzwa ugenini, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na watazamaji. Kijana wa Uchindile anacheza kwao usiku huu. Waliopaswa kuwa baraza lake wamekaa ndani, wamefunga madirisha, na wanalalamika kwamba nje kuna kelele.